Sufuria Niliishusha Mimi

Nyumba ya Nyakerario haiko upande wa Waluo wala upande wa Wakuria. Iko katikati, kwenye ukingo wa korongo, mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyetaka kujenga, kwa sababu mvua ikinyesha matope hufika hadi mlangoni. Alipoonyeshwa hapo mara ya kwanza alichomeka fimbo ardhini, akaona inashika, akasema panatosha.

Mawe Mekundu ni kambi ndogo ya wachimbaji wa dhahabu katika kaunti ya Migori, safari fupi ya bodaboda kutoka Osiri. Wanaume huteremka mashimoni kwa kamba. Wanawake huketi juu wakivunja mawe kwa nyundo, mawe hupelekwa kwenye mashine ya kusaga, na unga wake huoshwa kwa maji hadi kile kidogo kilicho kizito kibaki chini ya beseni. Zamani watu walijenga popote walipopata nafasi, Mluo karibu na Mkuria, na watoto wao walicheza mahali pamoja. Halafu mashimo mawili yakakutana chini ya ardhi. Kundi la Waluo lilisema mkanda wa mwamba wenye dhahabu ni wao, kundi la Wakuria likasema hivyo hivyo, na watu wazima wakapigana kwa nyundo gizani, mahali ambapo mtu hawezi hata kusimama wima. Mmoja wao alitoka juu akiwa na jicho moja. Kila upande una hakika kwamba upande wa pili ndio ulioanza.

Baada ya hapo Waluo walihamia kando ya barabara na Wakuria wakahamia mlimani, korongo likawa mpaka. Pakawa na maduka mawili, vinyozi wawili, na zamu mbili za kuteka maji kwenye bomba: asubuhi Waluo, alasiri Wakuria. Kitu kimoja tu hakikugawanyika, nacho ni mashine ya kusaga mawe. Ilikuwa moja, na mwenyewe hakujali jiwe limetoka shimo la nani. Wanawake wa pande zote mbili walilazimika kukutana hapo, wakageuziana migongo.

Hapo ndipo Nyakerario alipofika na mkungu wa ndizi.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, mjane, Mkisii kutoka milimani ambako shamba la mumewe lilikuwa limegawanywa kwa wanawe hadi likabaki upana wa kitanda. Kwa miaka kumi na minane alikuwa ameuza ndizi katika soko la Ndhiwa. Huko alijifunza Kijaluo cha kumtosha mtu kununua, kuuza na kukataa kupunjwa, na huko ndiko alikopewa jina la Nyar Kisii, yaani binti wa Kisii. Kikuria hakukijua. Shule aliiacha darasa la sita. Lakini alikuwa Msabato aliyelelewa na baba mzee wa kanisa, na mambo machache aliyofundishwa akiwa mdogo hakuwahi kuyafanyia marekebisho. Siku hizi watu hujivunia kubadilika. Yeye hakuona sababu.

Siku hiyo ya kwanza aliona mtoto mchanga amelazwa ndani ya beseni karibu na mashine, mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope.

"Mtoto huyu ni wa nani?" aliuliza.

"Wa kwangu," mwanamke mmoja alijibu bila kusimamisha nyundo.

"Na hilo vumbi analokula ni la nani?"

Wanawake wakacheka. Nyakerario hakucheka. Aliweka ndizi chini, akamtoa mtoto kwenye beseni, akamwosha uso kwa maji yake ya kunywa, akaketi naye kivulini mpaka jioni. Ndizi ziliiva juani bila mnunuzi. Wiki iliyofuata alirudi na mkeka badala ya ndizi.

Hivyo ndivyo banda lilivyoanza. Kwanza mkeka chini ya turubai, halafu miti minne na mabati saba, halafu uzio wa vijiti. Katika mwaka wa tatu lilikuwa na watoto ishirini na watatu, wa miezi minane hadi miaka mitano, na wote, Waluo na Wakuria, walimwita Magokoro, ambalo ni neno la Kikisii la kumwita bibi. Hakuwafundisha. Walimsikia akijiita hivyo.

Masharti yake yalikuwa machache na hayakuwa na mlango wa nyuma. Kila mama alileta konzi ya unga kila siku na mtungi mmoja wa maji kwa wiki. Unga wote ulimiminwa katika debe moja: mtama, wimbi, mahindi, muhogo, chochote kilichokuwa nyumbani. Sufuria ilikuwa moja. Watoto walikaa kwa umri, na kila mkubwa alipewa mdogo wa kumshika mkono wakienda chooni, bila kuangalia wametoka upande gani wa korongo.

Rispa, mke wa kiongozi wa shimo la Waluo, ndiye aliyepinga kwanza.

"Mimi mtoto wangu hanywi unga wa Wakuria," alisema.

Nyakerario akamsukumia debe na ungo. "Basi chambua. Ukimaliza kutenga wako na wao, niite."

"Unga unachambuliwaje?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye unayeujua."

Wanawake waliokuwa nyuma yake walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Rispa aliondoka amenuna, lakini kesho yake Jeff, mtoto wake wa miaka mitatu, alikuja na konzi ya mtama ndani ya kikombe.

Nisiseme kwamba alikuwa mtu mpole, kwa kuwa hakuwa. Mama aliyechelewa alikaripiwa mbele ya wenzake. Mama aliyenukia chang'aa hakukabidhiwa mtoto. Ilibidi amlete jirani. Ijumaa banda lilifungwa saa kumi, kwa sababu Sabato huanza jua linapozama na yeye alikuwa na chakula cha kesho yake cha kupika, na Jumamosi halikufunguliwa hata siku ile mkanda mpya wa dhahabu ulipoonekana na kambi nzima ikakimbilia mashimoni. Wanawake waliliita jela ya Nyar Kisii. Hata hivyo waliwapeleka watoto wao jela, kila asubuhi.

Sheria kubwa kuliko zote ilihusu sufuria. Meko yalikuwa nje ya banda, nyuma ya uzio, na sufuria ya uji haikutoka mekoni mpaka uji uishe. Uji ulichotwa hapo hapo kwa kata ndefu, ukapozwa kikombe kwa kikombe. Siku moja mama mmoja aliishusha ili asaidie, na Nyakerario akampiga kofi mkononi mbele ya mwanawe. Habari hiyo ilienea pande zote mbili. Hakuna mtu wa Mawe Mekundu ambaye hakujua kwamba Nyar Kisii hashushi sufuria. Kumbuka hilo, kwa maana ndilo lililokuwa karibu kumwangamiza mtu asiye na kosa.

Ilikuwa Ijumaa mwezi wa Agosti. Mvua ilinyesha asubuhi yote, kuni zikalowa, uji ukachelewa. Saa tisa alasiri ndipo ulipoanza kutokota, na maharage ya Sabato ya Nyakerario yalikuwa bado kwenye maji baridi. Meko yalikuwa ya sufuria moja tu. Alitazama jua, akahesabu saa, akafanya jambo ambalo kwa miaka mitatu alikuwa amewakataza wengine. Aliishusha sufuria ya uji, akaiweka chini ndani ya uzio, karibu na mlango wa banda palipokuwa pakavu, akaifunika kwa sinia. Kisha akageuka ili kupachika maharage.

Jeff alikuwa akivuta gari lake la kopo kwa kamba, akitembea kinyumenyume ili alione likija. Alijikwaa kwenye sufuria na kukaa juu ya sinia. Sinia likapinduka.

Wankuru alikuwa akipita njiani na mtungi wa maji aliotoka kuteka. Alikuwa Mkuria, mama wa mtoto mmoja pale bandani. Alisikia kilio, akaruka uzio, akamvua Jeff kaptura, akammwagia mtungi wote wa maji kiunoni na miguuni. Nyakerario alikuwa na watoto wengine ishirini na wawili wanaolia, uji ukitambaa kuelekea miguuni mwao. Hakuweza kuwaacha.

"Mkimbize," alimwambia Wankuru. "Zahanati. Mimi nawashika hawa."

Wankuru akakimbia. Na kile ambacho watu wa kwenye mashine walikiona ni mwanamke wa Kikuria akikimbia na mtoto wa Kijaluo, uchi, ngozi inaning'inia, anapiga mayowe. Rispa alimnyang'anya mtoto barabarani. Alimwita mchawi, akamtemea mate, akapanda bodaboda na mtoto. Kutoka zahanati walielekezwa hospitalini, na Rispa akachagua Homa Bay, kwa kuwa dada yake Marion anauza samaki huko na angempa mahali pa kulala.

Kabla jua halijashuka habari ilikuwa imekamilika. Wankuru alikuwa amemmwagia uji mtoto wa Job, mume wa Rispa na kiongozi wa shimo la Waluo. Alisema alikuta sufuria chini, na jambo hilo ndilo lililomhukumu, maana nani angeishusha? Nyar Kisii hashushi sufuria. Wanaume wa barabarani walianza kukusanyika upande mmoja wa korongo na wanaume wa mlimani upande wa pili. Chifu msaidizi alifika na askari wawili, akasimama katikati, akasema kwamba mkutano ni kesho saa nne asubuhi na mtu atakayevuka korongo kabla ya hapo atalala korokoroni.

Job alifika kwa Nyakerario jua likiwa bado juu ya kilima. Hakukaa.

"Mama, ulikuwa umegeuka, sivyo?"

"Nilikuwa nimegeuka."

"Kwa hivyo hukuona."

"Sikuona."

"Basi kesho useme hivyo tu. Sikuona. Haya mengine utuachie sisi."

Hakumngoja ajibu. Dakika chache baadaye alikuja Maroa, kiongozi wa shimo la Wakuria, shemeji yake Wankuru, akipitia chini ya korongo ili askari wasimwone.

"Mama, watu wanasema ulikuwa umegeuka."

"Ni kweli."

"Kesho sema hukuona. Mtoto ni mtoto, huanguka. Usijitie katika vita ya watu, wewe ni mgeni hapa. Sisi tutajitetea wenyewe."

Pande mbili ambazo hazikuwa zimekubaliana jambo lolote kwa miaka minne zilikuwa zimemletea neno lile lile, na kila moja ilidhani ni lake. Tena lilikuwa neno la kweli. Hakuona. Angeweza kulisema akiwa ameshika Biblia. Angebaki na banda lake, na heshima yake ya mtu asiyekosea, na Wankuru angeendelea kuwa mwanamke aliyemchoma mtoto. Wako watu wengi wazuri ambao wangelisema na kulala usingizi. Ukweli unaotolewa kipande ili mwingine aumie ni uongo, hata kama kila neno lake linaweza kuapiwa, na mtu anayeutoa hivyo anajua.

Bintiye Edinah alipiga simu kutoka Kisii. Alikuwa amesikia.

"Mama, rudi nyumbani kesho mapema. Hao watu watakumaliza."

"Kesho ni Sabato. Sisafiri."

"Na huo mkutano utaenda?"

"Kusema ukweli si kazi," alijibu. "Hakuvunji Sabato."

Maharage hayakuwa yameiva. Aliyala hivyo hivyo.

Jumamosi saa nne alitoka kanisani, katika darasa la shule ambalo Wasabato huazima, akaja akiwa amevaa gauni lake jeupe la meza ya Bwana. Watu walikuwa wamekaa pande mbili za korongo, chifu msaidizi juu ya jiwe katikati. Wankuru alikuwa amesimama peke yake karibu na askari, shuka limemfunika kichwa.

Job alizungumza kwanza. Alisema kila mtu anajua sheria ya banda. Alisema sufuria haina miguu. Alisema anayetaka kujua iliteremkaje amtazame yule aliyekutwa na mtoto mikononi. Upande wa barabara ulinguruma. Maroa akasimama akasema Mkuria hachomi watoto, na kama kuna watu hapa wanaotafuta sababu ya kupigana, waseme tu wanataka shimo. Upande wa mlimani ukanguruma.

"Tumsikie mwenye banda," alisema chifu msaidizi. "Mama, uliona nini?"

"Sikuona," Nyakerario alisema.

Job akatikisa kichwa kukubali. Maroa, ng'ambo, akatikisa kichwa vile vile.

"Sikuona kwa sababu nilikuwa nimegeuka," aliendelea. "Nilikuwa nimegeuka kupika maharage yangu. Meko ni ya sufuria moja, kwa hivyo nilitoa uji ili niweke maharage. Sufuria niliishusha mimi."

Hakuna aliyenguruma. Chifu msaidizi aliinama kama mtu asiyesikia vizuri.

"Mama, unajua unachosema?"

"Najua. Nilimpiga mama mwenzangu mkono kwa kosa hilo. Yupo hapo, na leo namwomba msamaha. Sufuria niliishusha mimi, nikaiweka chini karibu na mlango, nikaifunika kwa sinia. Mtoto akakaa juu yake. Huyu mwanamke alikuja baadaye. Maji aliyommwagia yalikuwa ya nyumbani kwake. Mimi ndiye niliyemwambia akimbie."

"Basi ni Mkisii ametuchomea mtoto," mtu alisema kutoka nyuma, na watu wachache wakacheka kicheko kibaya. Jiwe dogo likatua karibu na miguu yake. Hakuangalia lilikotoka.

Job alikuwa amesimama wima kabisa, kama mtu aliyepanda ngazi akakuta hakuna ghorofa. Hasira aliyokuwa ameibeba tangu jana ilikuwa ya kundi zima, na sasa mbele yake palikuwa na mama mmoja tu wa makamo, kavaa gauni jeupe.

"Ondoka hapa kambini," alisema hatimaye. "Banda lifungwe."

"Nimeshalifunga. Ufunguo huu hapa." Aliuweka juu ya jiwe la chifu msaidizi. "Nitaondoka mtoto akipona. Lakini jana mlimwita huyu mwanamke mchawi mbele ya watu wote. Sijasikia mtu akilirudisha hilo neno mahali lilipotoka."

Hakuna aliyelirudisha siku hiyo. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, wakikwepana macho. Wankuru alifunua kichwa, akachukua mtungi wake mtupu aliokuja nao kama ushahidi, akapanda mlima.

Jumapili Nyakerario alikuwa Homa Bay. Rispa alikuwa ameketi kando ya kitanda cha Jeff, na alipomwona mlangoni hakuinuka. Job alikuwa amempigia simu, alijua yote.

"Umekuja kufanya nini?" aliuliza.

"Kufua."

Akainama, akatoa beseni la nguo chafu chini ya kitanda, akaenda nalo kwenye mabomba. Aliporudi alikaa sakafuni. Alikaa hapo majuma matatu. Usiku alilala jikoni kwa Marion, ambaye alimpokea si kwa upendo bali kwa sababu alitaka kumtazama kwa karibu mwanamke aliyemchoma mtoto wa dada yake. Mchana alifua, alipepea nzi, alimshika Jeff mabega wakati bandeji zikibadilishwa. Mtoto alimlilia yeye, si mama yake, na jambo hilo lilikuwa gumu kwa Rispa kuliko yote.

"Magokoro, gari langu liko wapi?" Jeff aliuliza siku moja.

"Liko bandani."

"Limevunjika?"

"Limeingia uji. Nitalisafisha."

Wiki ya pili muuguzi aliyekuwa akifunga miguu alimsifu Rispa. "Aliyemmwagia maji huyu alijua kazi. Wengi mnaleta watoto wamepakwa dawa ya meno na mayai, ngozi imeshaungua hadi ndani. Huyu ataweza kukimbia."

Chakula cha jioni kilipokuja, Rispa alimlisha Jeff, akarudisha sahani.

"Yale maji yalikuwa ya nani?" aliuliza.

"Ya Wankuru. Alikuwa anatoka bombani. Alasiri ni zamu yao."

"Mtungi mzima?"

"Mzima."

Rispa alivuta shuka la mtoto, akalinyoosha mahali palipokuwa pamenyooka tayari. "Nilimwita mchawi."

"Nilisikia."

"Nilikuwa na uchungu."

"Najua. Mimi nimesema langu mbele ya watu, mama Jeff. Lako uliliacha wapi?"

"Wewe mama huna huruma."

"Ninayo. Ndiyo maana nakuuliza hapa, si kwenye mashine."

Waliporudi Mawe Mekundu ilikuwa Alhamisi. Rispa alimfunga Jeff mgongoni, akashuka korongoni, akapanda upande wa pili. Hakuwa amekanyaga huko tangu kambi igawanyike. Wanawake wa mlimani waliacha kupepeta wakamtazama akipita. Wankuru alikuwa akianua nguo.

"Umekuja peke yako?" aliuliza.

"Nimekuja na mtoto."

Wankuru aliweka nguo chini, akazunguka nyuma yake, akautazama mguu. "Hii bandeji imefungwa vibaya. Itamkata." Akaifungua, akaifunga upya taratibu, wakati Rispa amesimama akitazama mbele.

"Nilikuita mchawi," Rispa alisema.

"Mbele ya watu wote."

"Nitalirudisha mbele ya watu wote."

"Lini?"

"Jumatatu. Kwenye mashine."

"Jumatatu nitakuwepo," Wankuru alisema, akachukua nguo zake. Hawakukumbatiana. Hakuna aliyelia. Jumatatu, mashine ilipozimwa ili iongezwe dizeli, Rispa alisimama akasema maneno mawili kwa Kijaluo, akayarudia kwa Kiswahili ili kusiwe na mtu wa kusema hakuelewa, akaketi na kuendelea kuvunja mawe.

Lakini hilo lilikuwa Jumatatu. Ile Alhamisi, kutoka mlimani, alipitia nyumbani kwa Nyakerario, akamkuta anafunga vyombo katika gunia. Sufuria kubwa ilikuwa juu kabisa.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Mumeo alisema niondoke mtoto akipona."

"Jeff hajapona. Ana bandeji ya kubadilishwa kila siku mbili, na mimi Jumatatu narudi kwenye mawe. Nitamwacha na nani?"

"Kuna wanawake wengine."

"Wapo," Rispa alisema. "Watawaunguza watoto, halafu watasema hawakuona." Alimteremsha Jeff akamkalisha juu ya gunia, juu ya vyombo vyote. "Job hajawahi kulea mtoto hata siku moja. Asikwambie mambo ya banda."

Nyakerario alimtazama mtoto aliyekaa juu ya mizigo yake. Kisha akasema kwamba halirudii banda lile na meko yale. Meko yajengwe upya, mawili, kwa mawe na udongo, yainuke, na yawe na lango. La sivyo atapanda gari kesho.

Ijumaa asubuhi Job alileta mawe kwa toroli. Hakusalimia, aliyamwaga tu. Baadaye kidogo Maroa alishuka na mchanga, akamkuta. Wakafanya kazi mchana wote bila kusemezana, kila mmoja akizungumza na Nyakerario.

"Mama, mwambie huyo jiwe lake halikai," Maroa alisema.

"Mama, mwambie mwenye mchanga aongeze maji, huu ni ugali."

"Mwambie ugali anaujua yeye."

"Yafike wapi kwenda juu?" Job aliuliza mwishowe.

Rispa, aliyekuwa amekuja kuchukua mtoto, aliweka mkono kiunoni kwake. "Hapa yanatosha."

"Juu zaidi," alisema Nyakerario.

Wakaweka safu nyingine.

"Zaidi."

"Mama, hutafikia kukoroga," Job alisema.

"Ni shida yangu hiyo. Zaidi."

Saa kumi aliwafukuza wote, kwa sababu ni Ijumaa.

Mambo mengi ya Mawe Mekundu hayajabadilika. Mashimo bado ni mawili na zamu za maji bado ni mbili. Kati ya watoto ishirini na watatu walirudi kumi na wanne tu. Wengine mama zao hawakumsamehe Nyakerario, na ni haki yao. Wakati mwingine huwakuta njiani, huwasalimia kwanza yeye, na wasipoitika hanung'uniki. Bandani karibu na meko kuna mitungi miwili ambayo haichotwi kwa kupikia wala kwa kunawa. Mmoja hujazwa asubuhi na mama wa zamu ya asubuhi, wa pili alasiri na mama wa zamu ya alasiri, na kila mama anayeleta mtoto huonyeshwa mahali ilipo kabla ya kuonyeshwa kitu kingine chochote.

Meko hayo yanamfika Nyakerario kifuani. Kila siku, kabla ya kukoroga uji, hubiringisha jiwe moja bapa hadi chini yake, akapanda juu, akashika kata kwa mikono miwili. Akimaliza huliondoa hilo jiwe na kulifungia nje ya lango, ili mtoto asilipande. Ana miaka sitini sasa na magoti yake yanauma. Job amemwambia mara mbili kwamba anaweza kupunguza safu moja ya mawe kwa nusu saa tu.

"Acha," humjibu akiwa juu ya jiwe lake. "Yako sawa."